Almasi: ulizeni milimita kabla ya karati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tujibu makala ya ukurasa wa harusi iliyopanga maumbo ya almasi kwa tabia ya mvaaji: duara kwa bibi harusi mtulivu, moyo kwa mwenye mapenzi tele, mraba kwa mwanamke wa kisasa. Kama mzaha, haina neno. Shida ni kwamba wapo wanaokata ukurasa kama ule, wanautia mfukoni na kwenda nao kwa sonara wakiamini wamekwisha kuchagua. Umbo ndilo linaloamua kito kitaonekana kikubwa kiasi gani kidoleni, kona gani itameguka kwanza, kishikwe na makucha mangapi na dosari gani zitaonekana bila lenzi. Mnunuzi anayelipa mshahara wa miezi kadhaa ana haki ya kuyajua hayo kabla ya kuambiwa habari za tabia.

Kwanza tutenganishe umbo na mkato, maana hata madukani vinachanganywa. Umbo ni sura ya kito ukikitazama kutoka juu: duara, yai, tone, mraba. Mkato ni jinsi nyuso zake ndogondogo zilivyopangwa na pembe zake zilivyopimwa. Almasi mbili za duara, zote za karati 1 na rangi moja, zinaweza kuwekwa pamoja kwenye kitambaa cheusi na moja ikawaka huku nyingine imelala tu. Umbo ni lilelile, kilichoharibika ni mkato.

Duara lina nyuso 57, au 58 likihesabiwa na kile kijiuso kidogo cha ncha ya chini: 33 ziko juu ya kiuno cha kito, yaani ukingo wake mpana kuliko wote, 24 chini yake. Ndilo umbo pekee ambalo hesabu zake zimekubalika duniani kote. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi kutoka ukoo wa wakataji wa almasi wa Ubelgiji, alichapisha vipimo vyake: uso bapa wa juu uwe asilimia 53 ya kipenyo, pembe ya sehemu ya juu digrii 34.5, na ya chini digrii 40.75. Leo wakataji wanaruhusu uso wa juu ufike asilimia 58 hivi, lakini pembe ya chini bado haina mzaha. Ikiwa bapa kupita kiasi, mwanga unapenya na kutokea chini, na ukitazama kwa lenzi unaona pete ya kijivu chini ya uso wa juu, kama jicho la samaki. Ikiwa ya kina mno, katikati panakuwa na giza, na giza hilo halisafishiki kwa sabuni yoyote.

Kwa sababu hesabu za duara zinajulikana, maabara ya GIA ya Marekani, inayopima almasi na kutoa vyeti vyake, tangu mwaka 2006 hutoa daraja la mkato kwa duara. Kwa yai, tone, mto (lile la kona zilizoviringwa), prinsesi (mraba wenye kona kali) na mengine, cheti chake huonyesha Polish na Symmetry, yaani ulaini wa nyuso na ulinganifu wake. Hapo ndipo wengi wanapotezwa. Muuzaji anaweka kidole juu ya neno Excellent na kusema mkato ni wa daraja la juu, kumbe neno lile linahusu ung'arishaji na ulinganifu tu. Yai linaweza kuwa na Excellent mbili na bado likawa na giza la kutosha kukufanya ulirudishe. Ukitoka kwenye duara, cheti kinakusaidia kujua rangi, usafi, uzito na vipimo, lakini uzuri wa mkato ni kazi ya macho yako.

Sasa milimita. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2, nayo hugawanywa pointi 100. Kito cha pointi 50 ni nusu karati. (Karati ya dhahabu ni usafi, ni jambo jingine, tutalifikia.) Uzito hauonekani kidoleni. Kinachoonekana ni upana na urefu wa kito, na kwa uzito uleule maumbo yanapishana sana. Duara la karati 1 lililokatwa vizuri lina kipenyo cha milimita 6.4 hadi 6.5. Prinsesi ni milimita 5.5 hivi kila upande. Umbo la mto linacheza kati ya 5.5 na 6. Yai linafika 7.7 kwa 5.7. Mkato wa zumaridi, mstatili wenye kona zilizokatwa, ni takriban 6.5 hadi 7 kwa 5. Tone huwa 8.5 kwa 5.5 hivi, na umbo la mtumbwi, lenye ncha mbili, ni karibu 10 kwa 5. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo anayetaka kito kijaze kidole atafika mbali zaidi kwa yai au mtumbwi kuliko kwa prinsesi.

Nendeni dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, au ombeni ya sonara. Hakuna sonara asiyekuwa nayo. Pimeni kipenyo na kina. Kwa duara zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa kina, kisha zidisha kwa 0.0061; jibu ni makadirio ya karati. Duara la milimita 6.5 lenye kina cha 3.9 linatoa karati 1 na ushee mdogo sana. Kwa yai jumlisha urefu na upana, gawanya kwa 2, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha kwa kina, kisha kwa 0.0062. Lile la 7.7 kwa 5.7 lenye kina cha 3.6 linakuja karati 1 barabara. Hesabu hii inafaa hasa kito kikiwa tayari kimefungwa kwenye pete na hakiwezi kuwekwa kwenye mizani. Si kipimo cha kupelekana mahakamani, lakini inatosha kumkamata anayeuza pointi 80 kwa jina la karati.

Inakamata pia uzito uliofichwa. Tuseme duara la karati 1 linapima milimita 6.2 tu. Kina chake kitakuwa kama 4.26, karibu asilimia 69 ya kipenyo, ilhali kina kinachofaa kwa duara ni kati ya asilimia 59 na 62.5. Almasi ile ipo kweli, mizani haidanganyi, ila sehemu yake imejificha chini au kwenye kiuno kinene ambako hakuna atakayeiona. Unalipa bei ya karati kwa kito chenye sura ya pointi 85. Mkataji alifanya hivyo kwa sababu bei ya kila karati hupanda ghafla kwenye namba za mviringo: 0.50, 1.00, 1.50. Afadhali pointi 92 zilizokatwa sawasawa. Zitakuwa na upana uleule au zaidi, na bei yake haijavuka kizingiti.

Kwa nini duara ni ghali kuliko maumbo mengine ya ubora sawa? Almasi ghafi nzuri mara nyingi ina sura ya piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Ukiipasua katikati na kukata prinsesi mbili, kona za mraba zinakaa vizuri ndani ya ghafi na sehemu kubwa ya mawe inabaki. Ukikata maduara, kona zote zinasagwa na kuwa vumbi, na takriban nusu ya uzito au zaidi inapotea. Ongeza na mahitaji, maana wanunuzi wengi duniani bado wanataka duara.

Hata hivyo hiyo ni kanuni ya jumla, na ghafi yenyewe ina neno lake. Mfano wa nyumbani ni mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga. Almasi ya waridi iliyopatikana huko mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5; ikakatwa duara, ikabaki karati 23.6, na John Williamson, mwenye mgodi, aliitoa kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth wa Uingereza, aliyekuja kuwa Malkia. Nyingine ya waridi kutoka mgodi huohuo ilikuwa na karati 32.32. Hii ilikatwa umbo la mto, ikabaki karati 11.15, na mwaka 2022 ikauzwa mnadani Hong Kong kwa takriban dola milioni 57.7. Duara lilibakiza asilimia 43, mto asilimia 34 na nusu, kinyume kabisa na kanuni. Katika almasi za rangi mkataji hutafuta kwanza rangi na usafi, uzito baadaye. Na umbo la mto hupendwa kwa sababu mwanga huzunguka ndani muda mrefu zaidi na rangi ikaonekana imekolea.

Jambo hilohilo linamgeukia anayenunua almasi nyeupe. Mto na radianti, huo mstatili wenye kona zilizokatwa lakini unaometa kwa vipande vidogovidogo, hukoleza umanjano kama upo. Tone na mtumbwi hukusanya umanjano kwenye ncha. Duara ndilo linaloficha rangi vizuri kuliko yote. Kipimo cha rangi huanza D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Kwa dhahabu nyeupe au platinamu, duara la G au H linatosha, na kwa tone tungepanda ngazi moja. Kwa dhahabu ya njano, ambayo ndiyo wengi wa pwani wanaitaka, duara la J au hata K linakaa vizuri kwa sababu dhahabu yenyewe ni ya njano na jicho linakosa cha kulinganisha. Kulipia D kisha kuizungushia dhahabu ya njano ni hasara, na tunashangaa wanaoshauri hivyo.

Usafi nao hutegemea umbo. Maumbo yanayometa, yaani duara, yai, prinsesi, mto, huvunja mwanga vipande vingi, na doa dogo linapotea humo. Kito cha SI1, daraja la usafi lenye dosari ndogo zinazoonekana kwa lenzi, kinaweza kuwa safi kabisa kwa macho matupu. Mkato wa zumaridi na ule wa Asscher, ulioanzia Amsterdam mwaka 1902, hauna pa kujificha. Nyuso zake ni ndefu, zimepangwa kwa ngazi, na uso wa juu ni mkubwa. Unachungulia ndani moja kwa moja. Hapo tusishuke chini ya VS2, ngazi moja juu ya SI1, na hata VS2 itazamwe kwanza: doa jeusi lililo katikati ya uso wa juu lina bei sawa na doa jeupe lililo pembeni ambalo ukucha mmoja utalifunika, lakini kwa mvaaji hayafanani hata kidogo. Mkato wa zumaridi haumeti kwa fujo. Unatoa mimuliko mipana inayowaka na kuzima mkono ukigeuka. Anayetaka kito kionekane kutoka mwisho wa ukumbi wa harusi asiuchukue.

Kasoro ambayo haiandikwi kwenye cheti cha GIA ni kivuli cha kipepeo. Kinapatikana kwenye yai, tone na mtumbwi: giza katikati ya kito lenye sura ya kipepeo aliyekunjua mbawa, likikata upana wake kutoka ubavu hadi ubavu. Chanzo chake ni wewe mwenyewe. Kito kirefu hakiwezi kuwa na pembe sawa pande zote. Nyuso za katikati zinaelekea kule ulikosimama, kwa hiyo badala ya kuakisi taa zinaakisi kichwa chako, na kichwa hakina mwanga. Karibu kila kito kirefu kina kivuli hicho kwa kiasi fulani. Kidogo kinachokuja na kuondoka hakina shida, hata kinaongeza uhai. Kibaya ni kile kisichobanduka.

Namna ya kukipima ni hii. Ondoka chini ya zile taa ndogo kali za kabati. Zimewekwa makusudi, na chini yake hata kioo cha chupa kitameta. Sogea mlangoni, kwenye mwanga wa kivulini usio wa jua kali. Shika pete umbali wa sentimita 30 kutoka usoni, kito kikikutazama. Kiinamishe taratibu mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kipepeo akihama na nyuso zile kuwaka, kito kinafaa. Giza likibaki palepale kwa kila pembe, kirudishe kito bila kujali cheti kinasema nini. Anayenunua kwa njia ya simu kutoka Dubai au India asikubali picha. Picha hupigwa ndani ya kisanduku chenye mwanga pande zote na kipepeo hutoweka. Aombe video, kito kikiwa kati ya vidole viwili, karibu na dirisha.

Urefu wa maumbo hayo hupimwa kwa uwiano: gawanya urefu kwa upana. Yai la 1.35 hadi 1.50 linapendeza, chini ya 1.30 linaonekana kama duara lililokosewa. Tone 1.50 hadi 1.70, mtumbwi 1.75 hadi 2.15, mkato wa zumaridi 1.30 hadi 1.50. Moyo uwe karibu na 1. Hili ni suala la jicho zaidi ya sheria, lakini ulinganifu ni lazima. Kwenye tone na mtumbwi vuta mstari wa kufikirika kutoka ncha: mabega ya pande mbili yafanane. Kwenye moyo tazama ule mpasuko wa juu, uwe katikati na uwe mkali. Na moyo ulio chini ya pointi 50 tungemshauri mtu auache, kwa sababu makucha yakishaupanda sura yake inapotea na watu watauliza kama ni duara lililovunjika.

Tuje kwenye kona. Wengi huamini almasi haivunjiki kwa kuwa ndiyo kitu kigumu kuliko vyote. Ugumu ule ni wa kukwaruzwa. Kwa pigo, almasi hupasuka kwa kufuata mielekeo minne iliyomo ndani yake, na ncha nyembamba ndiyo inayoanza. Prinsesi ana kona nne kali, tone na moyo ncha moja, mtumbwi mbili. Pigo dogo kwenye ukingo wa sinki la zege linatosha, hasa kama kuna ufa wa ndani karibu na ncha. Kwa hiyo, kabla ya kununua, angalia kwenye cheti ule mchoro wa dosari kama kuna ufa uliowekewa alama jirani na kona. Angalia pia kiuno cha kito. Kikiandikwa kuwa chembamba sana kwenye ncha, kitameguka hata mikononi mwa fundi wakati wa kufunga.

Kinga yake ni aina ya makucha. Kona kali ifungwe na ukucha wenye umbo la V unaoikumbatia pande zote mbili, na ncha yenyewe ibaki na nafasi finyu ndani ya V ili isibebe shinikizo. Ukucha wa kawaida wa duara ukibonyezwa juu ya kona ya prinsesi, fundi anaweza kuivunja papo hapo na kuifunika kwa dhahabu. Mvaaji hugundua miaka baadaye makucha yakibadilishwa. Hivyo prinsesi awe na V nne. Tone liwe na V moja kwenye ncha na makucha mawili au manne ya kawaida upande wa mviringo. Mtumbwi uwe na V mbili na manne ubavuni. Duara na yai vinatosheka na manne, lakini sita ni salama zaidi, kwani ukucha mmoja ukikatika kito bado kinashikiliwa. Mkato wa zumaridi hauna shida, kona zake zimekwisha kukatwa. Anayefanya kazi za mikono, kama nesi wa kuvaa na kuvua glavu, mwalimu wa maabara, mpishi wa kukanda unga kila siku, tungempa duara au yai lililozungushiwa ukingo mzima wa dhahabu bila makucha kabisa. Kito kitaonekana kidogo zaidi na mwanga wa pembeni utapungua, ila hakitachana glavu wala kujaa unga chini yake.

Hapo dhahabu inaingia. Pwani yetu inataka karati 22, yenye chapa 916, yaani dhahabu asilimia 91.6, na haimwelewi sonara anayependekeza karati 18, yenye chapa 750. Kwa bangili na mkufu mzito 22 ni sawa. Kwa makucha membamba ya almasi ni laini mno. Yanapinda kila yanaponasa kwenye mtandio, yanaachia nafasi, na siku moja pete inabaki na tundu. Anayetaka rangi ya 22 na usalama wa 18 amwambie sonara atengeneze kikombe cha makucha kwa karati 18 au platinamu, kisha akichomelee kwenye pete ya 22. Au achague ukingo mzima, ambao kwa 22 unashika vizuri kwa kuwa ni mpana. Kazi ikiisha, pitisha uzi wa pamba au pindo la kanga juu ya makucha yote. Likinasa popote, pete irudi kwenye tupa. Kisha tikisa pete karibu na sikio. Ikitoa mlio hafifu wa kugongana, kito hakijakaa.

Pete yenye kito kirefu ipimwe kidole kwa uangalifu zaidi kuliko ya duara. Ikiwa legevu, kito kinaelemea upande mmoja na ncha yake inagonga kidole jirani siku nzima. Vidole huvimba kwa joto, kwa hiyo usipime asubuhi ya baridi peke yake, rudia jioni. Na ukichagua pete yenye almasi ndogo mzunguko mzima, jua kwamba haipanuliwi kirahisi baadaye.

Kwa hereni na vidani hofu ya kona hupungua, maana havigongi kitu. Huko ndiko prinsesi, moyo na tone vinakokaa kwa amani. Hereni za tone zikatwe kama mtu na kivuli chake kiooni, na vipimo vyake visipishane zaidi ya milimita 0.1. Kwa kipini cha pua chukua duara: la milimita 2 ni pointi 3 hivi, la 2.5 ni pointi 6. Zaidi ya hapo kipini kinaanza kuinama.

Jihadharini na herufi TW kwenye lebo. Maana yake ni jumla ya uzito wa almasi zote za kipande kile. Pete ya TW 1.00 inaweza kuwa na kito cha kati cha pointi 40 na vingine vidogo vilivyokizunguka, au vito tisa vilivyobanwa pamoja vikasomeka kwa mbali kama mraba mmoja. Si utapeli ikiwa umeelezwa, lakini kito kimoja cha karati 1 huzidi mno bei ya vito 10 vya pointi 10 vya ubora uleule. Uliza kito cha kati pekee kina pointi ngapi.

Kuhusu bandia, kwa kifupi. Zirkonia ni nzito karibu mara 1.6 ya almasi, kwa hiyo duara lake la milimita 6.5 likiwekwa kwenye mizani litasoma zaidi ya karati 1.6 badala ya 1. Moisanaiti inakidanganya kile kipimo cha joto chenye sindano ambacho maduka mengi wanakitumia. Itazame kwa lenzi ya mara 10 kwa kuinamisha, utaona kingo za nyuso za chini zimejirudia mbilimbili. Almasi ya maabara ni almasi kweli, kipimo cha joto hakiitofautishi, na inahitaji vyombo maalumu. Haina ubaya wowote ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake, ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgodini. Ukiona yai refu la karati 3, safi, kwa bei ya pointi 70, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Kazi ya kufunga ikikabidhiwa kwa sonara, kito kipimwe uzito na milimita mbele yako kikiwa huru, kisha kipigwe picha kupitia lenzi. Kama kina cheti, soma namba iliyochongwa kwa leza kwenye kiuno chake, linganisha na cheti, halafu mwombe fundi asiweke ukucha juu ya namba hiyo. Risiti iandike umbo, urefu, upana na kina kwa milimita, uzito wa kito cha kati peke yake, rangi, usafi, cha mgodini au cha maabara, na chapa ya dhahabu. Kona ikija kumeguka, usikubali kusagwa upya kabla ya kuambiwa kwa maandishi kito kitabaki na milimita ngapi. Prinsesi aliyemeguka kona mara nyingi huokolewa kwa kufunikwa na V pana zaidi, bila kugusa almasi yenyewe, na gharama yake ni ya dhahabu kidogo na kazi ya siku moja.

Mafundi sonara na wakataji wa vito,
Dar es Salaam